Daktari, usiniulize kama nimeelewa

Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka 14. Dirisha lenyewe ni tundu lililokatwa kwenye kioo, upana wake kama sahani ya wali, na fundi aliliweka chini kiasi kwamba mgonjwa mrefu huinama kama anayetafuta ndala chini ya kitanda. Hunifikia akiwa ameshapita kote: mapokezi, malipo, kwa daktari, maabara, kwa daktari tena, dirisha la bima. Mimi ndiye wa mwisho kumwona kabla hajapanda bodaboda arudi kwao. Ndiyo maana najua kitu ambacho daktari aliyemwandikia dawa hapati nafasi ya kukijua, yaani ametoka mle chumbani na nini kichwani.

Asubuhi moja akaja bibi wa miaka 60 na ushee, mtu wa Pwani, khanga moja kiunoni na nyingine begani. Kadi yake ilisema presha 190 kwa 110. Miezi miwili nyuma ilikuwa 130 kwa 80, na bahasha za dawa aliyokuwa akitumia niliziandika kwa mkono wangu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Zile dawa za presha za mwezi wa tatu zimeisha lini?”

Akafungua pindo la khanga. Zilikuwemo karibu zote, karatasi moja tu ndiyo iliyotobolewa.

“Nimezitunza.”

“Hukuzimeza?”

“Ya nini? Daktari si alinipima akasema presha imekaa sawa? Nimeze dawa ya ugonjwa ulioisha?”

“Hakukuuliza kama umeelewa?”

“Aliniuliza. Nikamwambia nimeelewa. Na nilielewa.”

Jibu hilo limekaa nami kuliko semina zote nilizohudhuria. Kweli alielewa. Kwa Kiswahili chake na changu, meza ikishakaa sawa hakuna anayeendelea kuipigia kabari. Daktari alimaanisha kwamba presha imetulia kwa sababu ya dawa, kwa hiyo aendelee. Hiyo “kwa sababu ya dawa” ilibaki kichwani mwa daktari, na bibi akaondoka na kile kilichotamkwa.

Tukitaja vikwazo vya mawasiliano hospitalini, watu hukimbilia makabila: daktari Mhaya kapangiwa Umasaini, wanaongea kwa mikono. Hayo yapo, nitayafikia. Lakini bibi yule na daktari wake lugha yao ni moja, na huenda hata futari zao zinafanana. Kilichokatika pale ni kitu kingine, na mimi nakilaumu kineno kimoja ambacho sote wa makoti meupe tunakitumia kutwa nzima kama muhuri: “Umeelewa?”

Swali hilo lina jibu moja tu. Kwa malezi yetu, kumwambia mtu wa heshima “sijaelewa” ni kama kumwambia hajui kueleza, au kukiri mbele za watu kwamba kichwa chako kizito. Na nyuma yako kuna foleni, inakutazama kisogoni. Nani atasema hapana? Anasema “nimeelewa, daktari”, anakunja kadi, anatoka. Anayeuliza ameshajitua mzigo. Yakiharibika, si alisema mwenyewe kwamba ameelewa?

Adabu yetu ya mazungumzo inatuficha mengi kwa jinsi hiyo hiyo. Nimefuatana na madaktari raundi wodini mara nyingi tu. Daktari anasimama miguuni mwa kitanda: “Baba, unaendeleaje?” Mzee mwenye mshono tumboni, usiku kucha hajalala kwa maumivu, anajibu: “Naendelea vizuri, nashukuru.” Linaandikwa faili, wanasogea kitanda kinachofuata. Mzee hakudanganya, alisalimiwa, akaitikia salamu. Mswahili haanzi na maumivu. Anaanza na sijambo, anamshukuru Mungu, kisha ndiyo inakuja “ila”. “Sijambo, namshukuru Mungu, ila…” Ugonjwa wote uko baada ya “ila”. Daktari asiyesubiri hapo atawapima watu ambao wote ni wazima.

Na kusubiri hatusubiri, wala si sisi peke yetu. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa huko Marekani, wakakuta mgonjwa anaanza kueleza shida yake na kukatizwa baada ya wastani wa sekunde 18. Uchunguzi mwingine wa huko huko uliotoka 2018 ulikuta wanaokatizwa hukatizwa baada ya sekunde 11 hivi. Sekunde 11 ni kidogo kuliko salamu ya mzee wa Tanga.

Najua nitajibiwa kwamba foleni hairuhusu. Foleni si uongo. Kuna siku nimemwona daktari mmoja anaona wagonjwa tangu saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni, na chai yake ya saa 4 bado iko mezani imeota utando. Ila hesabu ya muda imeshapigwa. Mwaka 2002 ulichapishwa uchunguzi wa hospitali moja ya Basel, Uswisi, ambako madaktari waliambiwa wanyamaze, wamwache mgonjwa aseme mpaka amalize mwenyewe. Wagonjwa walikuwa 335. Kwa wastani walimaliza kwa sekunde 92, na waliopita dakika 5 walikuwa 7 tu. Basel si Kigoma, na Waswisi hawaulizani habari za mifugo. Waongezee wetu dakika nzima ya salamu na bado hatujafika mbali. Bibi yangu, kwa upande wake, alirudi akala nafasi nyingine ya daktari, vipimo vingine na siku nyingine ya nauli, kwa sababu sentensi moja haikumaliziwa mwezi wa tatu. Tena huyo alirudi kwa miguu yake. Wapo wanaoletwa wamebebwa, upande mmoja umepooza, na ndugu anasema pale mlangoni: “Alikuwa na presha, lakini ilikwisha.”

Turudi kwangu dirishani, maana nisije nikaonekana nawanyooshea kidole madaktari peke yao.

Dawa husafiri lugha nyingi kabla ya kufika tumboni. Daktari anaandika TDS, ambacho ni kifupisho cha Kilatini cha kitu kinachotakiwa kutumiwa mara tatu kwa siku. Alikijifunza kwa Kiingereza. Kinafika kwangu, nakigeuza hesabu kwenye bahasha: 1×3. Kisha natamka Kiswahili: “Kimoja kutwa mara tatu.” Nyumbani mjukuu anamsomea bibi kwa Kisukuma au Kigogo au kwa lolote analolijua. Hapo utashangaa kitu kikipotea njiani?

Chukua hiyo “kutwa”. Tunaisema tangu enzi za mabibi zetu wauguzi, na masikioni mwetu imekuwa sawa na saa 24. Lakini Kiswahili kina kutwa na kina kucha. Mchana kutwa, usiku kucha. Mgonjwa anayekijua Kiswahili chake vizuri anameza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni, halafu analala saa 12 nzima bila dawa. Dawa iliyotakiwa kufuatana kila baada ya saa 8 imegawanywa sita, sita, kumi na mbili. Amefuata maelezo kuliko sisi tulioyatoa.

Au chukua “mara”. Shule ya msingi, 2×3 husomwa mbili mara tatu, na jibu ni sita. Nilimpa kijana mmoja wa bodaboda panadol, nikaandika 2×3, nikasema kwa sauti ya haraka ile ya dirishani, “mbili mara tatu, umeelewa?” Akasema ndiyo. Alikuwa anameza sita kwa mkupuo, gramu 3, asubuhi kabla ya kutoka kijiweni. Nilikuja kujua kwa sababu alirudi kulalamika tumbo. Kilichonitisha ni kwamba sita kwa siku ndiyo idadi niliyoikusudia, kwa hiyo hata ningehesabu vidonge vilivyobaki vingelingana, na kitabu changu kingeonyesha mgonjwa mtiifu.

Saa nazo ni balaa lake. Dawa mseto ya malaria, tunayoitumia nchini kama chaguo la kwanza tangu 2006, dozi yake ya pili inamezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha siku mbili zinazofuata ni asubuhi na jioni. Ukimwambia mama “ya pili umpe saa nane”, umempa saa ya ukutani. Kama alianza saa 3 asubuhi, ya pili inatakiwa saa 11 jioni. Yeye atampa mtoto saa 8 mchana, saa 5 tu zimepita. Na akiwa ameanza saa 7 mchana? Atampa baada ya saa moja, au atangoja saa 8 za usiku. Siku hizi siandiki “baada ya saa 8”. Namuuliza: “Hii ya kwanza unampa saa ngapi?” Akijibu, ndipo nahesabu mwenyewe na kumwandikia saa yenyewe.

Mwili pia una ramani mbili. Mgonjwa akisema “chembe ya moyo inaniuma”, anaonyesha pale mbavu zinapokutana, juu ya tumbo. Mara nyingi hiyo ni habari ya vidonda vya tumbo, lakini kijana aliyetoka chuo mwaka jana anasikia neno moyo tu na kuagiza kipimo cha moyo. Kinyume chake pia hutokea, moyo wenyewe ukapewa dawa ya kiungulia. Mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni ule unaovuta misuli, na kwa wazee wa Pwani mshipa ni ngiri. “Mguu unaniuma” unaanzia nyongani na kuishia kwenye kucha. Hakuna kosa hapa, lugha zote zina ramani yake. Inatosha kumwambia mgonjwa, “nionyeshe kwa kidole kimoja.” Kiganja kizima kinazunguka tumbo lote, kidole kimoja kinasimama mahali.

Na kuna aibu. Hii sioni ikiandikwa popote, pengine kwa sababu inaaibisha kuiandika. Mama wa makamo, umri wa mama yangu, kaandikiwa vidonge vya fangasi vya kuwekwa ukeni. Nyuma yake wamesimama wanaume wawili na jirani yake wa kanisani. Mimi kijana, siku hizo nina miaka 24, nashusha macho nasema, “Hivi unaweka, mama, kimoja usiku.” Unaweka. Wapi, sikusema. Angeniuliza vipi, na jirani yuko pale? Baada ya siku tatu alirudi kusema dawa chungu na inatoa povu mdomoni. Heshima yangu ndiyo iliyomnywesha. Siku hizi ninayo kauli ya kumwita mtu pembeni, “mama, pita mlango huu nikuonyeshe kitu,” na ukeni naliita kwa jina lake. Hakuna mama aliyewahi kunikasirikia kwa hilo.

Wapo wanaodhani yote haya yataisha tukipata istilahi, yaani maneno sanifu ya kitaalamu. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wakae, watunge, tumalize. Mimi nawaheshimu watunzi wa maneno. UVIKO-19 ilikubalika haraka, na tofauti ya VVU na UKIMWI imeokoa wengi wasijione wamekufa siku ya majibu. Ila neno sanifu si lazima liwe ndilo neno la mgonjwa. Bango ukutani linasema shinikizo la damu, na chini yake wamekaa watu 30 wenye presha, hakuna anayejua kwamba anaongelewa yeye. Tunasema saratani, wao wana kansa. Mbaya kuliko zote ni chanya na hasi. Mtu anangoja majibu ya maisha yake, unamwambia “majibu yako ni chanya”. Chanya si kitu kizuri? Mwalimu alisema fikra chanya, mchungaji alisema mtazamo chanya. Nimemwona mtu anatabasamu, na mshauri anamtazama hajui aanzie wapi.

Tena yapo maneno ya kienyeji yenye nguvu kuliko yetu, na yakipuuzwa yanaua. Miaka ya 1990 watafiti walikwenda Bagamoyo kuuliza akina mama wanaziitaje homa za watoto. Wakakuta homa ya malaria kwao ni homa ya kawaida, ya kukaa nayo nyumbani. Mtoto akitetemeka, macho yakageuka, hiyo si malaria tena. Hiyo ni degedege, ina chanzo chake, ina mganga wake, na wengi waliamini mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Sasa mfikirie muuguzi aliyekuwa akipita akihubiri, “malaria inaua, wahini hospitali!” Mama aliyemshika mtoto wa degedege alisikia kila neno na akaona halimhusu. Mahubiri yalikuwa Kiswahili safi. Yalihitaji sentensi moja tu inayoanza na degedege.

Kuhusu lugha ya makaratasi nitasema kwa ufupi maana naona ni jambo la wazi. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo anayegombea kiwanja Mahakama Kuu anatarajia kusikilizwa kwa lugha yake, wakati aliyetolewa uvimbe tumboni anaruhusiwa kwenda nyumbani na karatasi ya Kiingereza ambayo hata mwanawe wa kidato cha pili haimalizi. Kenya Sheria yao ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Hicho kipande cha mwisho ndicho kizuri. Fomu ya ridhaa ikitafsiriwa yote Kiswahili cha kitaalamu bado ni ukuta. Nimemwona dada aliyeharibikiwa na mimba anaambiwa “utasafishwa, weka saini hapa”. Mtaani kwake kusafishwa ni kutoa mimba. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Sijui yule dada aliishije na neno lile nyumbani, lakini dakika moja ya kumweleza mkwewe kwamba mimba ilishaharibika yenyewe na kinachoondolewa ni mabaki ingemtendea haki.

Na wale wasio na Kiswahili? Nilipokuwa kituo cha afya mahali ambako wagonjwa wengi walikuwa akina mama wa Kimasai, mkalimani wetu alikuwa mlinzi wa getini. Mtu mwema, tena mcheshi. Mama anaongea dakika mbili, anashika kiuno, anaonyesha mtoto, anahesabu kwa vidole, sauti inapanda na kushuka. Mlinzi anamsikiliza mpaka mwisho, anageuka kwa daktari: “Anasema tumbo.” Tulicheka siku ile. Baadaye nikaona si cha kuchekesha, kwa sababu kuna mambo ya mwanamke ambayo mama yule asingemwambia mwanamume wa boma la jirani hata kwa dawa. Akikosekana mlinzi, hutumika mtoto. Mtoto wa miaka 10 anamtafsiria mama yake maswali ya hedhi. Viziwi ndio wamesahauliwa kabisa: dada kiziwi huja na ndugu yake anayejua ishara, na lolote litakalopimwa, hata lile la siri kabisa, linapita mikononi mwa ndugu kabla halijamfikia mwenyewe. Kituo hakihitaji kuajiri chuo kizima cha lugha. Kinahitaji kujua wahudumu wake wanaongea nini, kuandika majina hayo ukutani, na kumfundisha huyo mkalimani mambo mawili: tafsiri yote, na usimsimulie mtu.

Kutamka kwa sauti kuna faida. Mfano wake mkubwa uko hapa hapa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, hospitali nane zilichaguliwa duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, sambamba na London, Toronto na Seattle. Orodha ilikuwa ya mambo 19. Mengi yake ni ya kusema tu: kila aliyemo chumbani ajitaje jina na kazi yake, itamkwe ni mgonjwa gani, anapasuliwa nini, upande upi. Matokeo yalitoka 2009. Kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Waliokuwa wakipasua walikuwa wale wale. Ila sista aliyeambiwa ataje jina lake mwanzoni alikuwa ameshafungua mdomo, na aliyefungua mdomo mara moja hawi mzito kusema, “Samahani dokta, nadhani ni mguu wa kushoto.”

Kama wataalamu wenyewe, tena kwa mambo ya kazi yao, ilibidi watamke na kurudishiana ndipo waelewane, kwa nini mgonjwa tunamwachia neno moja la kuitikia?

Kwa hiyo, tangu siku ya bibi, nimeacha “umeelewa?” Nasema: “Hebu nisaidie. Nimeongea haraka, huenda sikueleza vizuri. Ukifika nyumbani, dawa hizi utazitumiaje?” Kosa nimelichukua mimi, kwa hiyo hana cha kuonea haya. Na hapo ndipo mambo yanapotoka. Mmoja ataniambia atampa nusu mumewe, kwa sababu naye ana presha na hakupata nauli ya kuja. Mwingine atasema insulini ataiweka kwenye friji ya duka la soda, ambalo hufungwa saa 12 jioni, wakati sindano yake ya usiku ni saa 2. Hakuna kati yao aliyekuwa anaficha. Hakuna aliyewauliza.

Si ubunifu wangu, madaktari wa nchi nyingi wanafundishwa kumwomba mgonjwa arudishe maelezo kwa maneno yake. Sababu yake inajulikana: mapitio ya tafiti yaliyotoka 2003 yalikadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya anayoambiwa mgonjwa husahaulika hapo hapo, na karibu nusu ya anayoyakumbuka anayakumbuka vibaya. Mimi kwa dirisha langu nisingebisha. Kitu kimoja nawaonya vijana wanaoanza: msiulize kama mwalimu wa darasa la tatu. “Haya, rudia nilichosema!” hilo ni umeelewa lililovaa koti jingine. Bibi atakuimbia maneno yako neno kwa neno kama kasuku, na hutajua lolote. Muulize habari za nyumbani kwake, ataingiza dawa mwenyewe mahali pake.

Yule bibi niliendelea naye. Safari ile daktari alimwongezea na vidonge vya sukari, asubuhi na jioni pamoja na chakula. Nikamvutia kiti ndani, nikamweleza kwamba presha haijaondoka, imefungwa kamba na dawa, na siku akiacha dawa amekata kamba. Kisha nikamwomba anieleze atafanyaje. Akaanza kwa vidole.

“Hiki cha presha nikitoka kuswali alfajiri. Kila siku, hata nikijisikia mzima. Hata daktari akisema imekaa sawa.” Akanitazama, akacheka kidogo. “Hiki cha sukari na chai ya asubuhi, na kingine na chakula cha jioni. Si ndivyo?”

“Ndivyo, bibi.”

Akavikusanya, akaanza kuvifunga kwenye pindo la khanga. Akasita.

“Na Ramadhani? Mwezi ujao tunafunga.”

Miaka yote ile nyuma ya dirisha, katika mji ambao nusu ya wagonjwa wangu hufunga, hakuna hata mmoja niliyewahi kumuuliza. Nilimwambia asubiri, nikafunga dirisha, nikaenda kumtafuta daktari.